Kwa Nini Taarifa za Wagonjwa Huchelewa Kurudi Baada ya Seva Kuharibika

Hospitali nyingi zinazotumia mifumo ya kielektroniki kama GoT-HoMIS hutunza nakala rudufu ya kumbukumbu zake. Chache zimewahi kupima muda wa kuirejesha nakala hiyo. Mjamzito atokaye kata ya Ruanda, kwenye makaa ya mawe ya Ngaka, akifikishwa Mbinga mjini huku anavuja damu, daktari huhitaji kujua usiku uleule kama alikwisha kufanyiwa upasuaji na ni dawa gani humdhuru. Taarifa zitakazorudi keshokutwa hazitamfaa.

Tuanze na hesabu. Chukulia seva yenye gigabaiti 200. Mtandao wa ndani wenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 12.5 tu, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kazi nzima itachukua takribani saa nne na nusu. Mtandao wa megabiti 1,000 utaimaliza kwa chini ya nusu saa. Kama nakala iko mbali na inavutwa kwa intaneti ya megabiti 10, zitahitajika takribani saa 44, tena iwapo laini haitakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Kwa hiyo nakala moja na ikae hospitalini, katika jengo jingine mbali na seva.

Kasoro inayosahaulika mno ni kebo. Mtandao wa megabiti 1,000 hutumia jozi zote nne za nyuzi zilizomo ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika, vifaa hushuka kimyakimya hadi 100. Barua pepe zitaendelea kufika na hakuna atakayelalamika, hadi siku ya kurejesha data. Kabla ya kuomba fedha za seva mpya, badilisheni kebo.

Kisha pimeni kila hatua peke yake: kusoma kutoka diski ya nakala, kupitisha kwenye mtandao, na kuandika kwenye seva. Hatua iliyo nzito kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo wa kazi nzima. Faili moja kubwa likienda haraka ilhali maelfu ya picha ndogo za fomu yanajikokota, mtandao hauna hatia. Diski ya kuzunguka hufungua takribani faili 100 tu kwa sekunde. Faili 500,000 zitakula zaidi ya saa moja kwa kufunguliwa pekee. Programu ya kukinga virusi inayokagua kila faili huongeza mzigo huo.

Upo pia mnyororo wa nakala. Palipo na nakala kamili ya mwanzo wa mwezi na nyongeza za kila siku, ajali ya tarehe 28 huilazimu programu kuzipitia nyongeza zote kwa zamu. Nakala kamili ya kila wiki huufupisha mnyororo. Aidha, rejesheni kwanza kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa na wa kliniki za juma hilo. Picha za miaka iliyopita zaweza kusubiri.

Wakati wa kusubiri, huduma haisimami. Mgonjwa anayekuja na kadi yake ya CTC1, au mama mwenye kadi ya kliniki ya wajawazito, amekuja na sehemu ya historia yake mkononi. Tunawasihi wagonjwa wasiziache kadi hizo nyumbani. Nao wauguzi waandike kwenye vitabu vya MTUHA kwa ukamilifu, pamoja na saa ya huduma. Kwani nakala ikichukuliwa saa sita usiku na seva ikafa saa kumi jioni, kazi ya saa 16 haimo ndani ya nakala, hata irejeshwe kwa kasi gani. Itaingizwa upya kwa mkono kutoka vitabuni, kwa tarehe na saa ya huduma yenyewe, na mtu wa pili aihakiki kabla mfumo haujafunguliwa kwa wodi zote.