Urefu wa Vekta Yenye Namba Changamano: Mfano wa Mikondo ya Bahari ya Pemba

Mvuvi wa Wete au Mkoani hatazami tu kama maji yanajaa au yanakupwa. Hutazama pia mkondo unaelekea wapi. Katika bahari ya Pemba mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa huchukua saa 12 na dakika 25 hivi. Penye bahari iliyo wazi, mkondo wa maji hayo huweza kugeuka polepole na kuzielekea pande zote kwa zamu, badala ya kwenda na kurudi kwa njia moja.

Ili kuueleza mkondo kama huo, wanahisabati huugawa sehemu mbili, ya mashariki na ya kaskazini. Kila sehemu huwa na ukubwa wake na wakati wake wa kufikia kilele. Mambo hayo mawili hufungwa pamoja katika namba changamano moja. Humo i, ambayo mraba wake ni −1, huonyesha kuchelewa kwa robo ya mzunguko, yaani saa 3 na dakika 6 hivi.

Tuchukue vekta (1, i), kwa kilometa kwa saa. (Tarakimu hizi ni za kurahisisha hesabu; hazikupimwa baharini.) Mkondo huu hufikia kilele upande wa mashariki, na robo ya mzunguko baadaye upande wa kaskazini. Kasi yake ni kilometa 1 kwa saa wakati wote. Kinachobadilika ni mwelekeo tu.

Mwanafunzi aliyezoea kanuni ya Pythagoras atajumlisha miraba: 1² + i² = 1 − 1 = 0. Jibu hilo lasema kwamba maji yametulia tuli, ilhali chombo kilichotia nanga hapo kinavutwa mchana na usiku. Kosa hili si dogo.

Dawa yake ni kuzidisha kila namba kwa mwenzi wake, yaani namba ile ile iliyogeuzwa alama ya sehemu yenye i. Mwenzi wa a + bi ni a − bi, na zao lao ni a² + b², ambalo kamwe halipungui sifuri. Kwa (1, i) twapata 1 + 1 = 2, na urefu wa vekta ni kipeuo cha pili cha 2.

Sasa vekta (2 + i, 2i). Namba ya kwanza hutoa 4 + 1 = 5, na ya pili hutoa 4. Jumla ni 9, na urefu ni 3. Msomaji asidhani kwamba 3 ndiyo kasi kubwa kabisa ya mkondo. Wastani wa mraba wa kasi katika mzunguko mzima ni nusu ya 9, yaani 4.5, na hicho ndicho kinachoamua nishati ya maji.

Hata hivyo ile hesabu ya kwanza haikosi faida. Kwa vekta hii hutoa (3 + 4i) − 4 = −1 + 4i, ambayo ukubwa wake ni 4.12 hivi. Nusu ya jumla ya 9 na 4.12 ni mraba wa kasi kubwa kabisa, nusu ya tofauti yao ni mraba wa kasi ndogo kabisa: kilometa 2.56 na 1.56 kwa saa. Kwa (1, i) tofauti hiyo haipo, na sifuri iliyoonekana mwanzo ilikuwa na maana kwamba kasi haibadiliki.