NAMNA YA KUPATA MFUGO WA MAZIWA BILA RIBA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Amma baad. Siku hizi wamenijia vijana wengi na swali moja: "Shehe, nataka kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa, lakini mali ya kununulia sina. Nifanye nini?" Mmoja wao alikwisha kupewa ahadi na mtu mwenye pesa: achukue dola 100 leo, arudishe 130 baada ya miezi mitatu. Akauliza kama inafaa. Jibu mnalijua: hiyo 30 ni riba, na riba imeharimishwa. Lakini kumwambia mtu "usipite hapa" bila ya kumwonyesha njia nyingine ni kumwacha porini. Kwa hiyo leo tusome njia zilizo halali na zinazowezekana kwa maskini.

KWANZA: IJUE NCHI YAKO

Katika Suratun-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu anatutaka tuzingatie namna maziwa safi yanavyotoka tumboni mwa mnyama. Ni neema kubwa. Lakini hapa kwetu, maziwa wanayokunywa watoto wengi ni ya unga, yanayotoka dukani. Kwa nini? Sisi si wavivu. Nchi yetu ina misitu na mito, na ndani yake kuna mbung'o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa usingizi kwa watu, na ugonjwa unaofanana nao kwa ng'ombe. Ndiyo maana ng'ombe wengi wa Kongo ya mashariki wako kwenye milima yenye baridi, kama Masisi na Minembwe. Wabeljiki walileta Kongo aina ya ng'ombe wadogo kutoka Afrika ya Magharibi, waitwao N'Dama, ambao huvumilia ugonjwa huo, lakini maziwa yao ni machache. Tena vita vya 1996 hadi 2003 vilimaliza mifugo mingi ya upande wetu huu.

Basi anayeuza dhahabu yake ya Salamabila akakimbilia kununua ng'ombe mkubwa wa maziwa wa milimani, anaweza kumzika kabla ya mwaka kwisha. Na ng'ombe huyo akiwa na kilo 400 anataka kilo 40 au zaidi za majani mabichi kila siku, na maji ndoo kwa ndoo. Je, nani atayakata? Nani atayateka?

Shauri langu: anza na mbuzi jike. Mimba yake ni miezi 5, ya ng'ombe ni 9. Mara nyingi huzaa mapacha. Akifa, umepata hasara, lakini hukufilisika. Mbuzi wetu wa kienyeji hatoi maziwa mengi, nusu lita au chini yake baada ya mtoto wake kushiba. Lakini nusu lita hiyo kwa mtoto mdogo anayekula ugali wa muhogo peke yake ni dawa. Tena mbuzi ni chuo: aliyeshindwa kumtunza mbuzi mmoja hawezi kutunza ng'ombe.

PILI: NJIA ZA HALALI

1. Mali yako mwenyewe, kidogo kidogo. Ukivuna mpunga, kabla hujanunua nguo na redio, nunua mbuzi jike mmoja. Au ingieni katika likelemba: watu kumi, kila mwezi kila mtu atoe sawa, na mmoja achukue yote anunue mfugo. Hapo hakuna riba, maana kila mtu anapata kile kile alichotoa.

2. Ushirika. Watu wawili au watatu wanachanga, wananunua mnyama mmoja. Maziwa wanagawana kwa siku, faida na hasara kwa kadiri ya fungu la kila mmoja.

3. Kununua kwa deni. Inafaa mwenye mnyama akuuzie, ulipe baada ya mavuno, hata kama bei ni juu kuliko ya taslimu. Sharti ni kwamba bei ikatwe siku hiyo hiyo, na isiongezwe hata franka moja ukichelewa.

4. Kufuga mnyama wa mwingine kwa nusu ya watoto. Desturi hii ipo sana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawaikubali, kwa sababu ujira wa mfugaji haujulikani: huenda mnyama asizae kabisa. Katika Mahanbali wapo walioiruhusu. Njia ya usalama ni hii: mwuzie mfugaji nusu ya mnyama kwa bei inayojulikana, naye alipe polepole. Hapo mmekuwa washirika. Atakayezaliwa ni wa wote wawili, na akifa mmefiwa wote wawili.

5. Maniha. Hii ni sunna ambayo tumeisahau. Mwenye mbuzi au ngamia wa maziwa humpa jirani maskini amkamue kwa muda, kisha humrudisha kwa mwenyewe. Mtume (s.a.w.) aliihesabu miongoni mwa mambo mema makubwa. Wewe mwenye mbuzi sita, je, jirani yako mjane hawezi kukaa na mmoja mpaka mtoto wake apate nguvu?

6. Kopa mfugo, lipa mfugo. Juu ya hii nataka tukae zaidi.

TATU: KOPA MFUGO, LIPA MFUGO

Imepokewa kwa Abu Rafi' kwamba Mtume (s.a.w.) alimkopa mtu ngamia mdogo. Ngamia wa sadaka walipokuja akaamuru mtu yule alipwe. Hakupatikana wa umri ule, ila mkubwa aliye bora zaidi. Mtume akaamuru apewe huyo huyo, akafundisha kuwa walio bora katika watu ni wale wanaolipa kwa uzuri. Basi kukopa mnyama na kulipa mnyama kuna asili katika dini yetu. Ziada aliyoitoa haikuwa ya sharti, aliitoa kwa moyo wake. Ingekuwa ya sharti ingekuwa riba.

Na watu wa zama zetu wameifanya. Mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, alianzisha shirika liitwalo Heifer, na mwaka 1944 walipeleka mitamba 17, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa, katika kisiwa cha Puerto Rico. Sharti lilikuwa moja: mtoto jike wa kwanza apewe jirani. Jambo hilo lilifika Tanzania, na huko watu huliita kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Rwanda nayo ilianza mpango wa Girinka mwaka 2006, na zaidi ya ng'ombe 300,000 wamekwisha kugawiwa kwa maskini. Hapa Kongo pia, tangu wakati wa Wabeljiki, kuna desturi ya kumkabidhi mkulima kundi dogo, naye baada ya miaka hurudisha hesabu ile ile ili apewe mwingine.

Tazama hesabu yake. Mbuzi jike wachanga 5 wapewe nyumba 5. Kila nyumba ikirudisha mbuzi jike mchanga 1, nyumba zimekuwa 10. Hao wakirudisha, zimekuwa 15, kisha 20, na jumuiya haikutoa pesa nyingine. Lakini mtu mmoja akila mtoto wa mbuzi wa mwenzake, amekata kamba kwa wote walioko nyuma yake.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliikata. Nilipokuwa kijana ninasoma chuoni, mzee mmoja wa hapa alinipa mbuzi jike. Tulipatana: mtoto jike wa kwanza atakwenda kwa mwanafunzi mwenzangu. Mbuzi akazaa jike. Wakati ule nilikuwa na haja ya mbegu za mpunga. Nikamwuza mtoto yule, nikasema moyoni, nitatoa wa pili. Mvua zilipokuja mbuzi mama akaharisha, akafa. Wa pili hakuzaliwa. Mwenzangu alikuwa amekwisha kujenga zizi, anangoja. Akachoka kungoja, akaacha chuo, akaenda kwenye dhahabu. Mzee hakuniuliza hata siku moja, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kelele. Nililipa baada ya miaka mingi, kwa watoto wake, yeye akiwa kaburini. Deni nililipa, lakini mwenzangu hakurudi chuoni.

NNE: MASHARTI

Kwa hiyo, anayetaka kuingia katika njia hii ashike mambo haya:

a) Zizi kwanza, mbuzi baadaye. Liinuliwe juu ya ardhi, liwe kavu, na karibu yake pawe pamepandwa matete. Pumba na majani makavu ya mpunga yanafaa. Majani ya muhogo yakaushwe juani kwanza, maana mabichi yana sumu. Mbuzi aliyefungwa na kulishwa zizini hali shamba la jirani, na hapo fitina nyingi zimekwisha.

b) Iandikwe. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi. Iandikwe rangi ya mnyama, umri wake, na kwamba utarudisha jike mchanga wa umri ule ule uliopokea. Asiongezwe mtu kitu.

c) Jike wa kwanza si wako. Tangu siku anayozaliwa mwite kwa jina la yule anayengoja, na yule aje amwone.

d) Mnyama akiugua au akifa, toa habari siku ile ile, wazee waje waone. Deni halifi pamoja na mnyama, lakini aya ya 280 ya sura ile ile inatuamuru kumpa muda aliye katika dhiki. Anayeficha ndiye aliyekosa.

e) Maziwa ya siku tatu za kwanza ni ya mtoto wa mbuzi. Baada ya hapo kamua kwa kiasi, na uyachemshe kabla ya kunywa.

f) Ukifikisha mbuzi wengi na zizi lako limesimama, ndipo kaa na wenzako, uzeni baadhi mnunue ng'ombe mmoja kwa ushirika, wa aina inayoishi katika nchi hii.

Ndugu zangu, baada ya sala leo wazee wa jumuiya watakaa barazani. Mwenye mbuzi wa maniha au wa kuanzishia amtaje. Mwenye kutaka kupokea aje na mashahidi wawili, tukaone zizi lake. Wajane watatangulia. Na kama yuko kati yetu mwenye mbuzi wa mtu tangu zamani, asingoje kuulizwa.

Ee Mola, tupe riziki ya halali, tubarikie katika mifugo yetu na watoto wetu, na utusaidie kulipa amana za watu kabla ya siku ambayo deni halitalipwa kwa mbuzi wala kwa ng'ombe. Amin.

Wabillahi tawfiq.