Udi na sura ya bibi

SWALI: Kila nikinusa udi namkumbuka marehemu bibi, hata nikiwa kazini. Ubongo unaunganishaje vitu hivi?

JIBU: Udi na sura ya bibi viliamsha seli tofauti za neva kwa wakati mmoja. Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alipendekeza kuwa seli zinazoamka pamoja huimarisha muungano wao. Mwaka 1973 watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha ushahidi kutoka hipokampasi ya sungura, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu: njia ya neva iliyochochewa kwa kasi ilibaki na nguvu kwa saa kadhaa. Muungano ukishakomaa, kipande kimoja huweza kuamsha kumbukumbu nzima. Harufu, nayo, imependelewa: hufika amigdala, sehemu inayohusika na hisia za moyoni, bila kupitia kwanza thalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, kama ifanyavyo sauti. Ila usiiamini mno kumbukumbu hiyo. Kila ikiamshwa, inaweza kubadilika.