Mtoto Mkimya Si Mtoto Aliyemwacha Mungu



Jioni moja katika jumuiya ndogondogo hapa Umoja, baba mmoja alimwambia mwanawe wa miaka 15 asome Injili. Kijana akainama, akanyamaza. Dadake akasimama, akasoma vizuri, akapigiwa makofi. Baba akasema mbele ya wote, "Huyu kijana amemwacha Mungu." Usiku huo mume na mke hawakusemezana.

Baadaye ikajulikana kwamba kijana huyo ndiye aliyekuwa akimpandishia maji jirani mgonjwa, ghorofa ya nne, bila kutumwa na mtu.

Mara nyingi tunachanganya hulka na imani. Hulka si dhambi, wala si utakatifu. Msemaji huwavuta wenzake kwenye sala, ila anaweza kusali ili aonekane. Mkimya hutafakari, ila akiumia hasemi. Mkaidi hutusumbua nyumbani, ila akishaamini, marafiki hawamyumbishi upesi.

Yakobo na Yohane walitaka kushusha moto juu ya kijiji cha Wasamaria (Lk 9:54). Yesu aliwakemea, lakini hakuwafukuza. Ukali uleule ulipofunzwa, Yakobo akawa mtume wa kwanza kuifia imani. Naye Karoli Lwanga alimbatiza Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, siku chache kabla ya wote wawili kuuawa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Hakungoja kwanza awe mtu mzima.

Basi, fanyeni hivi:

1. Msiwalinganishe watoto, hasa mbele ya wageni.

2. Shaurianeni kwanza ninyi wawili, mtoto asipokuwepo. Baba akikemea na mama akificha, mtoto hujifunza kuwagawanya.

3. Mpeni kila mmoja utumishi unaomfaa. Mwenye sauti aende kwaya. Mkimya anaweza kutumikia altareni au kuwatembelea wagonjwa.

4. Mtoto mcheshi akinyamaza ghafla, msiseme ni hulka. Kaeni naye, mumwulize kwa upole kuna nini.

Yule baba alimwomba mwanawe msamaha. Kijana hajawa msemaji, lakini kila Jumapili huwahi kanisani kupanga viti.

Swali la kujadiliana usiku wa leo: Kati ya watoto wetu, ni yupi tunayemkemea zaidi? Je, ni kwa sababu amekosa, au kwa sababu amefanana na mmoja wetu?