Kuchagua Soketi na Spana za Baiskeli ya Nyumbani

Mara nyingi wanafunzi huniuliza, "Kaka, ninunue sanduku gani la soketi ili niweze kutengeneza baiskeli yetu nyumbani?" Nami huwajibu kwa swali: je, baiskeli yenu ina nati za namna gani? Asiyezijua nati zake hawezi kuchagua spana zake. Hilo ndilo somo letu la leo.

Hapa Rumonge, na pwani yote ya ziwa toka Minago hadi Nyanza-Lac, baiskeli si chombo cha matembezi tu. Ndiyo ibebayo mawese, ndagala, ndizi na makaa. Dumu la lita 20 za mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Basi madumu manne ni kilo 72, bila kumhesabu mwendeshaji. Tena ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo mashariki yetu hupita mita 2,000. Baiskeli ikiteremka huko na mzigo, nati ya gurudumu la nyuma ikalegea, hayatamwagika mawese tu. Riziki ya nyumba nzima, na pengine uhai wa mtu, hushikwa na nati mbili.

Sasa tutazame mambo yanayofaa kujulikana kabla ya kwenda dukani.

1. Pima kwanza. Chukua rula au kipimo cha vania kutoka maabara ya shule, upime nati toka ubavu hadi ubavu wa pili, si toka pembe hadi pembe. Katika baiskeli nyingi za siku hizi nati ya ekseli ya nyuma ni milimita 15, nati za breki ni 10, na nati ya kiti ni 13 au 14. Lakini usiamini maneno yangu. Amini kipimo chako. Baiskeli za zamani za Uingereza, kama Raleigh, zilifuata inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo spana ya 13 huishika kwa shida kidogo. Nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.3, ukiitia spana ya 15 itacheza, na ukilazimisha utazila pembe zake. Nati iliyolika pembe haifungiki wala haifunguki sawasawa.

2. Chagua soketi ya pembe sita. Ziko soketi za pembe sita na za pembe kumi na mbili. Ya kumi na mbili huingia kwa urahisi, lakini huisukuma nati karibu na pembe. Ya pembe sita huisukuma ubavuni, mahali penye nguvu. Kwa nati zetu zenye kutu na uzee, ya pembe sita ndiyo bora.

3. Tazama tundu la mraba linaloingia kwenye mpini. Kuna la robo inchi, la inchi 3/8 na la nusu inchi. La robo lafaa nati ndogo za 8 hadi 10, lakini mpini wake ni mfupi na mwembamba kwa nati ya gurudumu. La nusu ni la magari, ni zito, tena mtu asiyezoea hukata bolti ndogo kwa nguvu zake. Kwa baiskeli moja ya nyumbani, mimi nachagua la 3/8.

4. Jua nguvu inayotakiwa. Nati ya ekseli ya nyuma kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 30 hadi 45. Wanafunzi wa fizikia wataelewa: nguvu mara urefu wa mkono. Ukiwa na mpini wa sentimita 20, kisha ukaning'iniza mwishoni mwake lile dumu la mawese la kilo 18, unapata nyutoni-mita 35 hivi. Ndiyo kazi ya mkono wako. Bali bolti nyembamba ya milimita 5 yatosheka na nyutoni-mita 5 hivi, yaani kilo 5 mwishoni mwa mpini wa sentimita 10. Mkono usiojua tofauti hii huacha nati kubwa imelegea na kuikata ndogo.

5. Usisahau kazi zisizofanywa na soketi. Soketi haiingii kwenye pedali, kwa kuwa pedali yenyewe inaizuia. Hapo hutakiwa spana bapa nyembamba, mara nyingi ya 15. Kumbuka kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Koni za gololi nazo hutaka spana nyembamba za pekee. Na mahali penye bolti na nati pamoja, lazima upande mmoja ushikwe na spana huku wa pili ukizungushwa.

6. Bisibisi na vifunguo. Vichwa vya bisibisi vinavyobadilishwa ni vitu vizuri, lakini viwili au vitatu vyatosha: nyota namba 2, nyota namba 1 na bapa. Baiskeli zenye gia hutaka pia vifunguo vya pembe sita, vya milimita 4, 5 na 6. Baadhi hutaka cha 8 kwa bolti ya mkono wa pedali.

Mkijumlisha mtaona kwamba vyombo visivyozidi ishirini vyatosha. Sanduku la vipande mia moja hung'aa, lakini mara nyingi nusu yake haitagusa baiskeli yako maishani. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni afadhali vichache vya chuma kigumu. Uendapo dukani chukua nati zako mfukoni, uzijaribu ndani ya soketi: zikae bila kucheza. Zungusha racheti pande zote mbili usikie kama meno yanashika. Maandishi ya Cr-V maana yake ni chuma cha kromu na vanadi, lakini maandishi peke yake si ushahidi. Jaribio ndilo ushahidi.

Mwisho, tunza ulichonunua. Hewa ya ziwani huleta kutu. Kila baada ya kazi futa vyombo kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine. Msitumie mawese, kwa maana huganda na kukusanya vumbi.

Zoezi: Pimeni nati zote za baiskeli moja ya nyumbani. Andikeni jedwali lenye jina la sehemu, kipimo, na chombo kinachofaa. Jedwali hilo ndilo mtakalokwenda nalo dukani, na mzazi akiliona hatauliza fedha zake zimekwenda wapi.