Kunywa Maji, Inuka
Kijitabu cha kaya za Bonga zenye mzee anayejiandaa kupanda ndege

Desturi tunayotaka iachwe

Mzee anayesafiri kwa basi siku hiyo hanywi chai, hanywi maji, na kidonge cha presha anakiacha kabatini. Sababu inajulikana: basi likisimama watu wachimbe dawa, ni porini, abiria wanashuka kwa makundi, na mama wa miaka 70 hana pa kujistiri. Ni sababu ya heshima na hatuidharau. Tatizo ni kwamba desturi hiyohiyo anapanda nayo ndege. Mtoto aliye ng'ambo amemtumia tiketi, au amejaliwa kwenda Umra au Hija, au anapelekwa India kwa matibabu. Anakaa kitini tangu ndege inapaa mpaka inatua, midomo imekauka, miguu inaning'inia, hajainuka hata mara moja, na anafurahi kwamba hakumsumbua mtu. Ndani ya ndege kuna choo, tena zaidi ya kimoja, na hakuna kinachomlazimisha kujinyima. Tunalisema mwanzoni na tutalirudia: siku ya safari kunywa maji, na inuka.

Kiti ndicho chenye hatari

Wengi huogopa ndege kuanguka, wakati hatari iliyo karibu zaidi na mzee ni kile kiti alichokalia. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza miguu, damu ya miguuni huenda taratibu na inaweza kuganda. Bonge hilo likichomoka na kufika mapafuni, mtu anaweza kufa ghafla. Jambo hili lilionekana hata mahali pasipo na ndege ya abiria. Mwaka 1940, London ilipopigwa mabomu, watu walijificha kwenye mahandaki na kulala wameketi kwenye viti vya turubai usiku kucha. Daktari Keith Simpson aliandika mwaka huohuo kwamba vifo vya ghafla vya aina hii vilikuwa vimeongezeka karibu mara sita. Watu wale hawakusafiri popote, walikaa tu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya wasafiri: kukaa safarini kwa muda wa saa 4 au zaidi kunaongeza hatari hiyo takriban mara mbili, iwe ni kwenye ndege, basi, treni au gari dogo.

Utafiti huohuo ulikadiria kwamba anayepatwa ni mtu mmoja hivi kati ya 6,000 wanaosafiri hivyo. Atakayesema ni wachache hajakosea. Lakini hesabu hiyo ilitokana na watu wenye afya njema, na mzee mara nyingi si wa kundi hilo. Umri wenyewe unaongeza hatari. Unene unaiongeza. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyevunjika nyonga au mguu, mwenye saratani, na aliyewahi kuganda damu mguuni, hao wote wako karibu zaidi na huyo mmoja kuliko na wale wengine. Na kinga tunayoisema haina gharama.

Maji yanaingiaje hapa? Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na mzee huchelewa kuhisi kiu. Akijinyima, anaanza kuumwa kichwa, choo kinakuwa kigumu, na akisimama anapata kizunguzungu, pengine anaanguka. Ila faida kubwa ya maji ni nyingine kabisa: anayekunywa maji atahitaji kwenda chooni, na anayekwenda chooni ameinuka. Ile safari ya chooni anayoikwepa ndiyo dawa ya miguu yake. Glasi moja kila baada ya saa moja au mbili inatosha. Kunywa maji, inuka.

Safari inaanzia stendi

Kutoka Babati hadi Dodoma ni kilomita 251, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban 450. Mzee anayekwenda kupanda ndege Dar es Salaam amekwisha kukaa siku nzima kabla hajaiona hiyo ndege. Anayepandia uwanja wa Kilimanjaro (KIA) naye ana saa kadhaa za basi kupitia Arusha, na kama anakwenda Amsterdam, ndege peke yake ni zaidi ya saa 8. Familia zinahesabu muda wa angani tu na kusahau wa barabarani. Ikiwezekana, afike mji wa uwanja wa ndege siku moja kabla, alale kitandani, anyooshe miguu. Tangu 2024 kuna treni ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam: ina choo, na mzee anaweza kutembea ndani yake. Kwa mtu wa umri huo tunaiona bora kuliko basi.

Kwenye basi pia: anywe maji, na kila linaposimama ashuke.

Anayekata tiketi

Mwombee mzee siti ya kando ya njia, si ya dirishani.

Majibu kwa wanaokataa

"Nitawasumbua wenzangu." Ukiwa siti ya njiani humsumbui mtu. "Choo cha ndege sikijui." Hili ni la watoto na wajukuu kumweleza nyumbani mapema, bila kumcheka: mlango mara nyingi unasukumwa katikati ukajikunja, ukifunga komeo taa inawaka, na ukibonyeza kitufe cha kusafisha unasikika mlio mkubwa ambao hauna madhara. "Nina tezi dume, nakwenda kila saa." Vaa nepi ya watu wazima, haina aibu, lakini isiwe sababu ya kubaki umekaa. "Daktari amenipimia maji kwa ajili ya moyo au figo." Fuata kipimo chake, usikizidishe kwa ajili ya kijitabu hiki, kuinuka hakukukatazwa. "Nimefunga." Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, zungumza na shehe wako kabla ya kuondoka. "Taa ya mkanda inawaka." Basi ubaki kitini na ukanyage kama anayeshona kwa cherehani ya miguu: visigino juu, vidole juu, mara 20, kisha tena baada ya nusu saa. Ikizimika taa, inuka.

Wapo pia wanaosema watameza aspirini iwalinde. Usijianzishie; inaweza kukutoa damu tumboni, na haipendekezwi kwa kazi hiyo. Soksi za kubana miguu ndizo zenye ushahidi. Katika majaribio yaliyojumlishwa ya watu zaidi ya 2,600, takriban nusu walizivaa; kati ya 50 walioganda damu bila dalili, 47 walikuwa hawakuzivaa. Mwenye kisukari au miguu yenye ganzi aulize kwanza, kwa kuwa zinaweza kumuumiza bila yeye kujua.

Dawa

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, kwa sababu begi kubwa linaweza kubaki nyuma na mzee akakaa siku mbili bila dawa ya presha. Insulini isiwekwe kwenye begi hilo kamwe, inaweza kuganda kwa baridi. Usiache kidonge cha presha siku ya safari. Usiache hata kile cha kukojoza, labda daktari akupangie saa nyingine ya kukimeza. Usimpe mzee dawa ya usingizi ili "apumzike": atalala kama gogo na miguu haitasogea. Pombe vivyo hivyo. Jeddah ina saa sawa na zetu, ratiba ya dawa haibadiliki. Anayekwenda Marekani aandikiwe ratiba mpya kabla ya kuondoka. Chupa ya maji itachukuliwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo abebe tupu aijaze baada ya hapo, au aombe maji kwa wahudumu bila haya. Mara nyingi yamo kwenye nauli.

Pumzi

Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, karibu na kilele cha mlima Kwaraa. Anayehema akitembea hapa Bonga, mwenye upungufu wa damu, na aliyeugua moyo au mapafu karibuni wapimwe kabla tiketi haijalipwa.

Chanjo

Anayekwenda Hija achanjwe homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kufika.

Akishafika, na akisharudi

Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida, na hupungua akilala. Mguu mmoja kuvimba, kigimbi kuuma au kuwa cha moto, si kawaida. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu au kuzimia, ni hatari ya saa hiyohiyo. Dalili hizi zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya safari, wakati kila mtu amekwisha kuisahau, na nyumbani zikaitwa uchovu au baridi yabisi. Usikande mguu huo, usiupake dawa ya kuchua, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali ya Mrara au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe hili: "Mzee ametoka safari ndefu, alikaa muda mrefu."