Mpokeaji huru: asajiliwe au aachwe?

SWALI: Tunaishi Minneapolis na ni mashabiki wa Vikings, timu ya futiboli ya Marekani. Kila mpokeaji mwenye jina akibaki bila timu, nusu yetu wanataka asajiliwe, nusu wanasema angekuwa mzuri asingeachwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hao wa pili hoja yao ni dhaifu. Ligi yenu, NFL, ina kikomo cha mishahara, na wachezaji wazuri huachwa kwa sababu ya bei au kutoelewana tu.

Mtazameni mpokeaji Odell Beckham Jr. Novemba 2021 Cleveland Browns walimwacha, Los Angeles Rams wakamchukua. Siku iliyofuata mwenzake Robert Woods akakatika kano ya goti mazoezini. Mchezaji aliyeonekana wa ziada akawa wa lazima. Alifunga tachidauni 5 katika mechi 8, kisha nyingine kwenye fainali, Super Bowl, kabla goti lake mwenyewe halijamtoa uwanjani. Rams walitwaa ubingwa.

Lakini wa kwanza nao wasishangilie mapema. Mwaka 2023, baada ya Beckham kukosa msimu mzima, Baltimore Ravens walimhakikishia dola milioni 15. Wakapata yadi 565 na tachidauni 3. Si aibu, ila ni ghali mno.

Kwa hiyo, kabla ya jina, ulizeni bei na hali ya goti. Halafu watazameni wanaomlinda mrushaji wenu. Wakizidiwa nguvu, mpokeaji atakimbia bure hata awe nani. Hapo mimi ningenunua mlinzi.